Kodi ya Kichwa na Barua Tuliyowaandikia Waingereza

Kuitukana serikali ya Uingereza hakukuwa kosa. Mtu aelewe hilo kwanza, la sivyo atadhani barza, yaani baraza, ya baba yangu pale Likasi ilikuwa ya wendawazimu. Serikali yetu wenyewe haikutajwa. Chama kilikuwa kimoja, mkubwa alikuwa mmoja, picha yake ilitundikwa mpaka kwa kinyozi, na kila mtaa wa wafanyakazi ulikuwa na mtu wake wa kusikiliza. Ukisema unga umepanda bei, unaulizwa ni nani aliyeupandisha. Basi watu wazima, ambao hawawezi kuishi bila kulalamika, walijitafutia serikali ya kulalamikia, na redio ya Baba ikawapatia ya Waingereza.

Baba alikuwa fundi wa umeme wa kampuni ya serikali, kazi yake kutunza nguzo za laini ya umeme iliyotoka bwawa la Koni. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye antena kama yake. Waya wa shaba ulitoka dirishani, ukapanda paa, ukavuka uwanja, ukafungwa kwenye mpera wa jirani. Kila jioni kabla ya chakula, London ilisema Kiswahili barzani kwetu, Kiswahili kile cha watu wa pwani, safi, kimepigwa pasi, na sisi wa kusema minye na weye badala ya mimi na wewe tulikaa kimya tukisikiliza. Asiyeelewa neno alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Baba alikuwa na kesi yake na Waingereza, na alitaka kila mtu aijue. Alipokuwa kijana alivuka mpaka akafanya kazi Mufulira, Zambia ya leo, wakati upande ule bado unatawaliwa na wao. Walimpa chitupa, kile kitambulisho cha kutembea nacho mfukoni usiku na mchana, wakamkata kodi ya kichwa miaka minne. Mwaka wa tano afisa mmoja alimwambia wageni wamezidi, akapandishwa kwenye lori na godoro lake mpaka mpakani. Hayo aliyasimulia tangu nilipoanza kuwa na masikio. Kila alipomaliza aliuliza swali lake, lile lile, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"Siku nililipa kodi, nilikuwa muntu wabo. Siku ya lori, nilikuwa mugeni. Nataka banijibu paka hii moja tu: nilikuwa nani?"

Pesa hakutaka warudishe. Mama alimwambia mara nyingi kwamba akianza kudai, adai basi na baiskeli iliyobaki kule, maana baiskeli ina faida nyumbani kuliko jibu. Baba hakuijali baiskeli. Alitaka jibu, na kwa kuwa Waingereza hawakuwa na desturi ya kupita mtaani kwetu, alikaa miaka thelathini na swali lake kama mtu aliyekaa na jino bovu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, nasoma shule ya bweni kule Mulungwishi, nimekuja nyumbani likizo. Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba serikali ya Uingereza inaiondoa kodi ya zamani, iliyofuata thamani ya nyumba ya mtu, na kuleta mpya ya kulipwa kwa kichwa. Kila mtu mzima alipe sawa na mwenziwe. Na wangeanza na Waskoti, kuona kama inawezekana.

Baba alisimama, redio ikateleza kutoka magotini, Mama akaidaka.

"Kichwa!" alisema Baba. "Bamefikisha kwabo bile bitu balitufanyia siye! Hata aibu habana!"

Mtu wa kwanza kumjibu alikuwa mwenye duka la kona. Huyu alikuwa mzee Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Kasongo, mwenye malori mawili na tumbo moja kubwa, na kila jioni alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu alikuwa amekwisha kuvunja viwili vyetu. Kila mtu alimwita tajiri. Kazi yake barzani ilikuwa kuitetea serikali ya Uingereza katika kila jambo, na aliifanya kwa moyo, maana pasipo mtetezi tungebaki kukubaliana tu, na jioni ni ndefu.

"Kuna ubaya gani?" alisema tajiri. "Barabara tunapita wote. Taa za njiani tunaangaziwa wote. Basi tulipe sawasawa."

"Sawasawa? Weye na malori mbili, minye na pensi na koleo?"

"Lori halina kichwa, ndugu yangu. Kodi imetajwa ya kichwa. Na cha kwangu kina upara, kwa haki nilitakiwa kupunguziwa."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Akaanza kuhesabu watu wa nyumba yetu kwa vidole vya mkono mmoja, vikamwishia, akaazima kimoja changu: yeye, Mama, bibi yetu mzaa Mama, mama mdogo, kaka zangu wawili waliokwisha kuwa na ndevu. Vichwa sita vya kulipiwa katika vyumba viwili. "Na tajiri ya London," alisema, "iko na nyumba ya vyumba makumi mbili, anaishi na bibi yake na imbwa. Atalipa vichwa mbili! Muntu ya kufagia barabara atalipa kushinda muntu mwenye barabara!"

"Redio imesema masikini watapunguziwa."

"Bapunguziwe, lakini balipe! Muntu mwenye hana kintu, unamupunguzia nini? Hewa?" Kisha akapata wazo lililomfurahisha sana, akaketi ili aliseme vizuri. "Na malkia? Yeye haina kichwa? Kiko hata mu stempu! Muulize kama analipa."

Tajiri aliomba apewe muda mpaka kesho kutwa kulijibu hilo la malkia. Hakulijibu mpaka leo, Mungu amrehemu.

Kutoka jioni hiyo barza yetu ilijaa. Walikuja watu wa kiwandani, walikuja wapasua mawe wa Kakontwe na vumbi jeupe kwenye nyusi, wakashika nafasi mapema. Mtu aliyepita njiani angesikia wanaume wazima wakipiga kelele kwamba haiwezekani serikali imkamue mnyonge na kumbembeleza tajiri, kwamba hospitali haina dawa na wakubwa wanajenga, kwamba mpaka lini. Ukimuuliza mmoja wao anasema habari za nchi gani, anakutazama usoni bila kupepesa: Uingereza. Sura zao zilipoa wakiondoka. Nimefika utu uzima ndipo nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja na Waskoti.

Isipokuwa Baba. Baba alikuwa na haja nao kweli.

Halafu zikaja habari za wageni. Redio ilieleza namna mtu wa nje aliyefunga ndoa na mtu wa kule anavyotakiwa kuithibitishia serikali kwamba hakuoa kwa ajili ya kuingia nchini. Athibitishe pia kwamba atajilisha na kujilaza bila kugusa msaada wa serikali, ingawa kodi atalipa kama kila mtu.

"Musikie," alisema Baba. "Kodi yake bataipokea. Mukono yake ku sahani, hapana. Njo bile bile balinifanyia! Na mapendo utayaonyesha namna gani? Utayapima na kilo?"

Mama alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuwa mtu wa siasa, lakini alikuwa na kumbukumbu. "Baba ya batoto, na weye ulinioa juu ya nini?"

"Juu ya mapendo."

"Haa! Ulinioa juu kampuni ilikuwa inapana nyumba paka kwa bantu ya ndoa. Ulikuja kwa baba yangu na karatasi ya nyumba mu mukono. Ulisema, harusi ifanyike mbele ya tarehe tano, juu nyumba iko na bantu bengi bananyemelea."

Barza nzima ilimgeukia Baba. Tajiri alisema kwa sauti ya hakimu kwamba kwa mujibu wa sheria za Uingereza ndoa hii haina nguvu, na mume arudishwe kwao mara moja. Walicheka hadi mpasua mawe mmoja akapaliwa, tukampiga mgongoni vumbi likatoka. Hata Baba alicheka, ila baadaye alimwambia Mama kando kwamba mapendo yalikuwepo, ila yalitanguliwa kidogo na karatasi. Mama alisema anajua, alitaka tu kumnyamazisha ale.

Sasa, wazo la barua. Lilikuwa la Baba, na liliwaingia watu kwa urahisi kwa sababu lilionekana halina hatari. Kulalamika kwa Waingereza juu ya Waingereza, nani atakukamata? Ilibaki lugha. Mmoja alisema tuandike Kifaransa, tajiri akasema Wafaransa na Waingereza hawapendani, barua itachukiwa. Kiingereza Baba alikisoma kiasi, lakini kukiandika alikuwa hajawahi, na changu cha saa mbili kwa wiki kiliishia kwenye paka amekaa juu ya mkeka.

"Juu ya nini tunasumbuka?" alisema Baba. "Kila siku banatusemesha Kiswahili ku redio. Banakijua kushinda siye. Tuandike Kiswahili!"

Ee jamani. Wanaume ishirini na kitu, wengine mafundi wa mitambo mikubwa, na mimi msichana wa shule niliyejiona nina akili, hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro. Serikali inayoamkia Kiswahili redioni itashindwaje kukisoma? Nikaleta daftari na kalamu. Walinichagua kwa mwandiko, na pia kwa sababu nilikuwa mtoto, na mtoto hafungwi.

Jioni tatu tuliandika. Kila mtu alitaka sentensi yake iingie. Ilianza kwa salamu ndefu, tukiuliza afya ya serikali, ya malkia na ya mifugo. Ikaja kodi: kwamba sisi tuliwahi kulipa ya kichwa, tunaijua, inamfanya mtu aone aibu kwa kuwa hai, na kama serikali ina shida ya pesa basi ichukue kwa walio nazo, wanajulikana, wana milango mikubwa. Wakaja wageni: kwamba mtu aliyeweza kulipa kodi aweze na kukaa, na kwamba mapendo si kazi ya polisi. Tajiri aliomba tuongeze kwamba si wote barzani wanaokubaliana na haya. Tuliongeza, maana hatukuwa watu wa chama kimoja. Hilo la mwisho alilisema Baba kwa sauti ya chini.

Aya ya mwisho ilikuwa yake peke yake. Aliwafukuza wote, akaketi karibu yangu, akanipa maneno polepole kana kwamba ananihesabia mayai. Alitaja Mufulira, chitupa, miaka minne, lori. Kisha: "Nalomba munijibu. Nilikuwa nani?" Akaniuliza kama nimeandika vizuri lile neno nani. Nikamwonyesha. Akalitazama sana, akasema liko sawa.

Chini tuliweka majina yote, juu kabisa la Baba, na sanduku la posta la duka. Dereva wa tajiri, aliyekuwa akienda Zambia kuchukua sabuni, aliipeleka akaitia posta kule. Mama alipojua ameipeleka kweli, alikaa chini kwenye sakafu. Alikuwa ameamini siku zote kwamba ni mchezo.

"Nyumba hii ni ya kampuni," alimwambia Baba. "Kampuni ni ya Leta, ya serikali yenyewe. Bakikufukuza kazi, tutalala wapi? Mu barua?"

Miezi ikapita. Nilirudi shuleni, nikaja tena likizo, na siku ya tatu tu ya likizo hiyo mjumbe alikuja kusema kwamba sekretari wa chama wa mtaa wetu anamtaka Baba ofisini, kesho saa tatu, na kwamba kuna bahasha.

Sekretari huyu hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mnene, mvivu, suti yake ya mikono mifupi imebana, na picha ya mkubwa ameibandika kifuani. Lakini alikuwa na simu, na simu ile ilikuwa na upande wa pili. Watu wawili wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kufukuzwa kazi baada ya yeye kuinua ile simu, na wote wawili walipewa siku tatu kuhama. Usiku huo Mama alianza kufunga masufuria.

Asubuhi alinivalisha sare ya shule. "Enda na baba yako. Bakimukamata, usilie, kimbia uniambie, nitoe kitanda mbele bafike."

Ofisini palinukia mafuta ya taa na karanga. Bahasha ilikuwa mezani, ndefu, nyeupe, ina kichwa cha malkia, imekwisha kufunguliwa. Watu wa posta walikuwa wameipeleka moja kwa moja kwake badala ya kuiweka kwenye sanduku la duka.

"Sitwayen," alisema sekretari, maana ndivyo chama kilivyotaka kila raia aitwe. "Serikali ya inchi ya kigeni inakuandikia weye. Weye, fundi ya nguzo. Minye niko sekretari miaka nane, hakuna serikali imeniandikia. C'est grave, ni neno zito."

"Ndiyo, sitwayen sekretari."

"Unataka kukimbia inchi?"

"Hapana, sitwayen sekretari."

"Alors, banasema nini?" Akaisukuma barua kuelekea kwetu, na hapo ndipo nilipogundua kitu. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na sekretari hakujua hata neno. Alikuwa ameishika siku mbili. Hakuweza kuituma juu bila kujua ndani kuna nini, maana wangemuuliza, na hakutaka mtu mwingine aione kabla yake. Katika mtaa mzima aliyesoma Kiingereza alikuwa mmoja, na ndiye mshitakiwa.

Baba alitoa miwani. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, nikasoma pamoja naye, neno hapa neno pale. Haikuwa barua, ilikuwa karatasi ya chapa iliyoachwa nafasi, jina la Baba limejazwa kwa taipu. Ofisi moja ya London ilikuwa imepokea ombi lake la kuja kuishi Uingereza. Ilisikitika. Ombi halikuwa kwenye fomu inayotakiwa, halikuwa na ada, halikuwa na uthibitisho wa ndoa wala wa kuweza kujitunza bila fedha za serikali. Limekataliwa.

Nadhani hakuna aliyeweza kuisoma barua yetu kule. Waliona imetoka Afrika, ina majina mengi, wakajua tunataka nini. Waliokuwa na haraka ya kutukatalia waliliona swali moja tu duniani ambalo mtu wa kwetu anaweza kuwauliza.

Nilimtazama Baba. Akisema kilichoandikwa, amekwisha: karatasi ya serikali ya kigeni inasema aliomba kuhama. Hapo simu inainuliwa na Mama anatoa kitanda. Shingo yake ilikuwa imelowa. Alirudia kuisoma tangu mwanzo, kidole chini ya mistari, hadi mwisho, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu. Nyuma palikuwa peupe.

Akakohoa. "Banaanza na salamu," alisema.

"Salamu gani?"

"Kwa weye, sitwayen sekretari. Kwa chama ya mutaa."

Sekretari alikaa vizuri. "Banajua jina yangu?"

"Banasema paka sekretari. Kwa heshima." Baba akaendelea, akisogeza kidole kwenye ada na fomu kama padri kwenye kitabu cha misa. Serikali ya Uingereza imepokea mashauri ya raia wa mtaa wetu juu ya kodi ya kichwa. Imeyasoma. Imeona kwamba watu wa Likasi wana akili. Kodi hiyo imeleta maneno mengi na wataitazama tena. Na juu ya wageni, wataongea na polisi waache mambo ya mapendo.

Sijawahi kumsikia baba yangu akisema uongo kabla ya siku hiyo, na niseme ukweli, alikuwa hodari. Nilibana midomo mpaka ikauma. Nilitaka kucheka na nilitaka kujikojolea.

"Na hii?" Sekretari aliweka kidole kinene kwenye neno lililopigwa mstari. Lilikuwa lile la kukataliwa.

"Hapa banajikatala benyewe," alisema Baba bila kutua. "Banasema balikosa."

Sekretari alitafuna karanga. Kisha uso ukamchanua taratibu. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukiona: kwamba yeye, kati ya masekretari wote wa Likasi, ndiye ambaye mtaa wake umeikaripia Uingereza na Uingereza ikaomba radhi. Simu hakuigusa. Alimrudishia Baba barua, akamwamuru aje Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mtaa, aisome mbele ya raia wote.

Baba akaisoma Jumamosi, amesimama juu ya pipa, watu na mafagio yao. Safari hii ilikuwa ndefu zaidi. Malkia alikuwa ameingia, na alikuwa amekubali kwamba ana kichwa. Watu walipiga vigelegele, tajiri akatangaza kwamba ameshindwa na atainunulia barza soda. Kisha mama mmoja akainua mkono, akaomba, kwa kuwa Waingereza wanasikia, waandikiwe tena juu ya bomba letu lililokauka wiki tatu. Mwingine akasema na dawa za dispansari. Mwingine akaanza kusema na mishahara. Sekretari aliangalia kushoto na kulia, akasema mkutano umekwisha, watu warudi kufagia.

Miezi michache baadaye redio ilisema watu wa Uingereza wamejaa barabarani kukataa kodi ya kichwa. Mtaa wetu haukushangaa. Vijana wa leo wakisoma kwenye vitabu namna kodi ile ilivyoshindwa, nasikia wanataja sababu nyingine nyingine. Mimi nanyamaza.

Lakini nirudi siku ile ya ofisini. Tulipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, kitanda kiko nje uwanjani. Alipoona tunakuja kwa miguu yetu wenyewe alianza kututukana sote wawili kwa Kiluba, machozi yakimtoka, na aliendelea mpaka masufuria yote yaliporudi mahali pake. Baba alimsaidia kuingiza kitanda. Kisha akaniita barzani, akatoa barua mfukoni, akanipa na miwani yake, nikaivaa ingawa sikuihitaji.

"Weye uko na masomo kushinda minye," alisema. "Soma pole pole. Pengine kuna mahali sikuona."

Sikumuuliza mahali pa nini. Nilisoma karatasi ile yote, herufi ndogo za chini, namba za pembeni, anwani. Jirani alikuwa anapita na ndoo, tukaitikia salamu yake. Nilirudi juu nikaanza tena, maana sikutaka kufika mwisho. Baba alisubiri, mikono magotini, na nilimwona jinsi alivyokuwa mzee.

"Baba," nilisema, "hapa banakujibu."

"Banasema nini?"

"Banasema ulikuwa muntu wabo. Banalomba pole juu ya ile lori."

"Wapi?"

Niliweka kidole mahali popote. Palikuwa penye ada ya fomu. Baba alichukua miwani yake kutoka usoni pangu, akaivaa, akainama. Alisoma Kiingereza kuliko mimi mara mbili, na mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Alikitazama kidole changu kwa muda.

"Ee," alisema. "Minye pia, njo vile nilisoma."